Kutunza njia ya gari ya lami nyumbani: anza na maji, mpako mweusi uje mwisho

Watu wengi huikumbuka lami ya nyumbani siku wanapoiona imepauka. Wananunua ndoo ya mpako mweusi, wanapaka mwisho wa juma, njia inang'aa. Msimu mmoja wa mvua ukipita, nyufa zilezile zimerudi. Mpako hauna kosa hapo. Ulipakwa juu ya njia ambayo maji yalishapata pa kuingilia, na hakuna mpako unaotengeneza kilichoharibika chini. Kwa hiyo hatua zilizomo humu zinafuata mpangilio ambao kazi yenyewe inautaka: maji, kingo, madoa, nyufa, mashimo. Mpako ndio wa mwisho, na huenda mwaka huu usihitajike kabisa.

Kilichopo chini ya tairi

Ukipima kwa uzito, takriban asilimia 95 ya kile tunachokiita lami ni kokoto na mchanga. Lami yenyewe, ile gundi nyeusi inayoshika mawe, ni kama asilimia 5 tu. Kwenye njia ya nyumbani tabaka hilo kwa kawaida huwa na unene wa sentimita 5 hadi 7.5, nalo hukaa juu ya kokoto zilizoshindiliwa, sentimita 15 hadi 20 hivi. Nguvu ya kubeba gari inatoka zaidi kwenye zile kokoto na udongo ulio chini yake. Udongo ukilowa unalegea, kokoto zinahama, lami inabaki bila pa kuegemea na inavunjika.

Jua nalo lina kazi yake. Hewa na mwanga huikausha ile gundi mwaka hadi mwaka, weusi unageuka kijivu, na lami iliyokuwa ikinyumbuka kidogo inakuwa kavu na rahisi kupasuka. Kisha kuna petroli, dizeli na oili. Lami inatokana na mafuta ghafi, na jamaa zake hao wanaiyeyusha.

Hatua ya 1: Itazame njia yako baada ya mvua

Subiri mvua inayolowesha vizuri. Ikikatika, toka na chaki. Zungushia mstari kila mahali maji yaliposimama, kisha rudi kesho yake saa kama hiyo. Madimbwi yaliyokauka yasikusumbue sana. Ambapo maji bado yapo, au lami bado ina ubichi wakati kwingine kumekauka, ndipo pa kuanzia. Kama si msimu wa mvua, fungulia mpira wa maji sehemu ya juu ya njia na ufuate maji yanakokwenda.

Njia ya gari inapaswa kuteremka angalau sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na mteremko uelekee mbali na nyumba. Ubao mnyoofu wa mita moja na pima maji vinatosha kulijua hilo: laza ubao, inua upande wa chini mpaka povu likae katikati, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya ubao na lami.

Mara nyingi utakuta kosa haliko kwenye lami. Angalia bomba la maji ya paa linamwaga wapi. Likimwaga pembeni mwa njia, kila mvua inapeleka maji ya paa zima chini ya kokoto zako, na unaweza kuziba nyufa miaka kumi bila kuona nafuu. Refusha bomba au chimba mtaro mdogo wa kuyapeleka mbali. Angalia pia kando: nyasi zinapokua miaka mingi, udongo wao hupanda ukapita usawa wa lami, na maji yanayopaswa kutoka yanarudishwa ndani. Dawa yake ni jembe na jioni moja ya kazi. Punguza udongo huo mpaka ukae sentimita moja au mbili chini ya uso wa lami.

Bonde dogo lisilozidi sentimita moja, ambalo halina ufa, mimi ningeliacha. Kiraka chembamba kinachomalizika kwa ukingo wa unene wa karatasi hakishiki. Kitabanduka, na utakuwa umejiongezea kazi.

Hatua ya 2: Kingo

Lami hupasuka pembeni kabla ya katikati, kwa sababu pembeni hakuna kinachoibana. Ukiona mstari wa ufa unaokwenda sambamba na ukingo, sentimita 20 au 30 kutoka nje, ujue tairi zinapita pembeni kupita kiasi au udongo wa kando umemomonyoka na kuacha lami ikining'inia. Jaza udongo au kokoto ndogo, zishindilie kwa mguu au kwa gogo zito, na uzifanye ziteremke kwenda nje. Kama njia ni nyembamba na magari hayana budi kukanyaga pembeni, panga mawe au ukingo wa zege. Kupaka mpako kwenye ukingo unaoning'inia ni kupoteza fedha.

Miti ni kesi ngumu. Mzizi ukishainua lami, kuukata kunaweza kuua mti au kuufanya uanguke siku ya upepo, hasa ukiwa mnene na uko karibu na shina. Ulizia mtu wa miti kabla ya kushika shoka.

Hatua ya 3: Osha, na chunguza madoa

Fagia kwanza kwa fagio gumu. Majani yaliyooza yanashika maji, na mchanga ulioziba nyufa unaotesha magugu. Magugu yang'olewe na mizizi yake, kwa sababu yakikatwa juu tu yatapenya kwenye dawa yoyote ya kuzibia nyufa utakayomimina. Mashine ya maji ya kasi inafaa, ila tumia mdomo unaotawanya maji na uuweke mbali, angalau sentimita 30. Mdomo wa sindano unang'oa kokoto za juu, na hizo hazirudi.

Sasa madoa ya oili. Oili ikiwa bado mbichi, mwagia mchanga mkavu au unga wa mbao, uache uinyonye, kisha zoa. Rudia mpaka unga utoke mkavu. Baada ya hapo sugua kwa sabuni ya vyombo na brashi ngumu, suuza. Doa la zamani ulijaribu kwa bisibisi: likandamize. Kukiwa kugumu kama sehemu nyingine, doa ni la uso tu. Ncha ikizama, au kokoto zikitoka kama zimewekwa kwenye uji, gundi imeshayeyuka na hakuna sabuni ya kuirudisha. Hapo panakatwa na kuwekwa kiraka, kama ilivyo kwenye Hatua ya 5. Na gari linalovuja litengenezwe, la sivyo utawekea kiraka mahali palepale tena.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba oili chafu ya injini, au dizeli, ikipakwa juu ya lami iliyopauka huirudishia weusi. Weusi kweli unarudi. Ni kwa sababu lami inayeyuka. Baada ya wiki kadhaa viatu vinaingiza weusi huo sebuleni na kokoto zinaanza kubanduka, huku mvua ikipeleka mafuta kwenye mtaro na visima. Petroli na mafuta ya taa navyo visitumike kusafishia madoa, kwa sababu hiyohiyo.

Hatua ya 4: Nyufa

Kazi hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote humu. Njia ambayo nyufa zake zinazibwa kila mwaka inaweza kufika miaka 20 hata kuipita, bila mpako wa aina yoyote.

Usiguse chochote kabla ya kuzisoma. Ufa mmoja unaokata njia kwa upana ni wa uzee: lami imekauka, imesinyaa, imeachia. Ufa mrefu ulionyooka katikati mara nyingi ni mahali ambapo mapande mawili ya lami yaliungana siku ya kumwagwa. Hizo zote zinazibika. Lakini ukiona nyufa zimeshikana zikatengeneza vipande vidogo vidogo vya pembe nyingi, zile ambazo mafundi huziita ngozi ya mamba, msingi umekufa. Kanyaga hapo kwa kisigino baada ya mvua. Vipande vinacheza, na pengine tope jepesi litachomoza kati yake. Hapo kuziba ni kujidanganya. Eneo hilo linakatwa lote, udongo uliolegea unatolewa, kokoto mpya zinashindiliwa, ndipo lami inarudi.

Kwa nyufa zinazozibika, chagua siku kavu yenye joto la wastani, baada ya siku mbili tatu bila mvua. Kwaruza ndani ya ufa kwa bisibisi bapa au kisu kikuukuu, kisha pitisha brashi ya waya kwenye kuta zake. Puliza vumbi kwa pampu au mashine ya hewa, ukiwa umevaa miwani. Ukihisi ubichi ndani, subiri. Dawa inashika kwenye kuta za ufa. Kuta zikiwa na vumbi au maji, itashika hayo badala ya lami na kubanduka.

Ufa usiozidi milimita 6 uzibe kwa dawa ya maji ya kumimina kutoka kwenye chupa. Kuanzia hapo mpaka sentimita mbili na nusu, tafuta dawa nzito yenye mpira ndani yake, inayonyumbuka lami inapotanuka na kusinyaa. Ufa ukiwa na kina kirefu usiujaze dawa mpaka chini: weka mchanga mkavu au kamba ya sifongo, ukomeshe sentimita moja kutoka juu, kisha mimina dawa. Ufa wenye upana unaozidi sentimita mbili na nusu hautibiki tena kwa dawa ya ufa. Jaza lami baridi ya mashimo, ile iliyokwisha changanywa na kokoto na inayotumika bila kupashwa moto.

Mimina taratibu, jaza mpaka usawa wa lami, usiruhusu ikae kama mshipa uliovimba. Dawa nyingi za maji husinyaa zinapokauka, kwa hiyo kesho yake utaona mfereji mdogo juu ya ufa. Mimina mara ya pili. Wanaoruka hatua hii ndio wanaolalamika kwamba dawa ni mbovu.

Ipo pia dawa ya kuyeyushwa kwa moto, na kwa kweli hiyo hudumu kuliko zote. Lakini lami ya moto si ya kuchezewa. Tone la maji likiingia kwenye chungu chake hugeuka mvuke papo hapo na lami hufura na kuruka. Ukiamua kuitumia, vaa glovu nene, mikono mirefu na viatu vilivyofunika miguu, na watoto wasiwepo. Ikimrukia mtu, poza mahali hapo kwa maji mengi ya bomba, usiibandue lami kwenye ngozi, mpeleke hospitali.

Penye baridi ya kugandisha, ziba kabla baridi haijaingia. Maji yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na ufa wa milimita 3 unaweza kuamka masika ukiwa ni shimo. Theluji itolewe kwa koleo la plastiki.

Hatua ya 5: Mashimo

Lami baridi inayouzwa kwenye mifuko inatosha kwa shimo la kawaida la nyumbani, mradi shimo liandaliwe. Kosa linalorudiwa kila siku ni kumwaga lami kwenye shimo lenye kingo za mviringo na mawe yaliyolegea. Kiraka cha namna hiyo huchimbuliwa na tairi.

Chora kwa chaki umbo la pembe nne linalozidi shimo sentimita chache kila upande, mpaka ufike kwenye lami nzima. Kata kwa tindo na nyundo, kuta zisimame wima. Toa kila kilicholegea mpaka ukutane na chini pagumu. Kukiwa na tope, chimba litoke na ujaze kokoto, ukishindilia. Fagia, acha pakauke. Paka kuta na chini lami nyepesi ya kushikizia, safu nyembamba tu.

Sasa jaza kwa matabaka yasiyozidi sentimita 5. Shindilia kila tabaka kabla ya kuongeza jingine, kwa chuma cha kushindilia au kipande cha mbao nzito kilichosimamishwa wima. Sauti itakuambia: mwanzoni ni butu, lami ikishikana inakuwa kavu na kifaa kinadunda mkononi. Tabaka la mwisho liache liwe juu ya usawa kwa kama sentimita moja. Weka kipande cha mbao juu yake, pitisha tairi la gari mara kadhaa, kisha nyunyiza mchanga ili lami mbichi isishike viatu. Lami baridi huendelea kukaza kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mpako wowote usubiri.

Hatua ya 6: Mpako, kama kweli unahitajika

Mwaga kikombe cha maji juu ya lami kavu. Yakikaa juu na kutiririka, mpako wa nini? Yakinywewa na kuacha alama nyeusi, uso umefunguka na mpako utasaidia. Kwa njia nyingi hilo hutokea kila baada ya miaka 3 hadi 5. Wanaopaka kila mwaka kwa sababu ya urembo hujenga ganda nene, nalo ganda likizidi linapasuka lenyewe na kubanduka magamba. Lami mpya isipakwe kabla ya miezi 6, na bora usubiri hadi 12, kwa maana bado inakaza.

Kwenye rafu utakutana na aina tatu. Ya kwanza imetengenezwa kwa lami na maji, ndiyo ya kawaida. Ya pili ni ya akriliki, ghali zaidi na hudumu zaidi. Ya tatu hutokana na makaa ya mawe: inastahimili oili vizuri, lakini ina kemikali zinazohusishwa na saratani, ambazo husafiri na vumbi na maji ya mvua hadi kwenye mito. Austin, katika jimbo la Texas, waliipiga marufuku mwaka 2006, na jimbo la Washington likafuata mwaka 2011. Mimi nisingeiweka mahali watoto wanapocheza peku.

Siku ya kupaka iwe na joto zaidi ya nyuzi 10 za Selsiasi mchana na usiku, bila mvua kwa saa 24 hadi 48. Jua kali la adhuhuri nalo si zuri: uso unakauka kabla ya chini. Nyufa ziwe zimezibwa na kukauka. Madoa magumu ya oili yapakwe kwanza dawa yake ya kuyafunika, la sivyo mpako utabanduka palepale.

Koroga ndoo mpaka chini kabisa. Mchanga wa mpako huzama, na usipokoroga nusu ya njia itapata maji meusi na nusu nyingine uji wa mchanga. Anza kingo kwa brashi, kisha mimina mstari upande wa juu wa mteremko na uvute kushuka kwa mpira wa kusukumia maji au brashi pana. Tabaka mbili nyembamba, ya pili ikivutwa kukatiza ya kwanza. Tabaka moja nene haikauki vizuri, na tairi zitaondoka nayo. Funga lango kwa kamba kwa saa 24 hadi 48, kadiri ndoo inavyoelekeza, na viatu vya kazi vibaki nje ya mlango.

Lami mpya na uzito uliosimama

Kama ndiyo kwanza umewekewa lami, magari yasipite kwa siku 2 au 3, na zaidi wakati wa joto kali. Miezi ya mwanzo usikate usukani gari likiwa limesimama. Tairi linasaga palepale na kuacha duara lililochubuka. Gari liwe linabadilishiwa mahali pa kulala. Chini ya jeki, stendi ya pikipiki na miguu ya ngazi weka kipande cha mbao.

Tahadhari hizi hazijatiwa chumvi. Vitu vya jamii ya lami hutiririka polepole hata vinapoonekana vigumu. Mwaka 1927 Thomas Parnell wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, alianzisha jaribio la kuweka utomvu mweusi wa aina hiyo ndani ya faneli. Ukiupiga nyundo unapasuka kama kioo, lakini ukiachwa unadondoka: kufikia mwaka 2014 yalikuwa yameanguka matone tisa. Stendi ya pikipiki kwenye jua la saa nane haihitaji kungoja miaka hiyo.

Wakati wa kumwita fundi

Ngozi ya mamba ikishika robo ya njia au zaidi, au mabonde yakirudi mahali palepale kila mwaka, acha kuweka viraka. Fundi akikushauri kumwaga tabaka jipya juu ya la zamani, muulize atafanya nini na sehemu zilizokufa chini. Jibu sahihi ni kuzikata kwanza, kwa sababu nyufa za chini hupanda hadi juu ya tabaka jipya. Uliza pia maji yatakwenda wapi tabaka likiongezeka, hasa mlangoni mwa gereji.

Anayebisha hodi akidai ana lami moto iliyobaki kutoka kazi ya jirani, mshukuru na ufunge mlango. Lami moto humwagwa ikiwa na nyuzi zaidi ya 130, na ikishapoa haishindiliki. Mzigo unaozurura mtaani kutafuta mteja unapoa kila dakika.

Katika mkataba, unene uandikwe kama unene baada ya kushindilia, kwani lami iliyomwagwa hupungua kwa takriban robo rola ikishapita. Siku ya kazi shika futi na simama pembeni. Ukitaka sentimita 5 kamili, tabaka lililomwagwa lisome karibu sentimita 6.5 kabla rola haijaligusa.